Chuck Schuldiner: Jamaa aliyeita bendi yake 'Kifo' kumbe alipenda maisha

Nilitoka chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikuwa imekwama, lakini hata mimi nilikuwa nimechoka, kwa hivyo siwezi kuilaumu karo peke yake. Nilirudi nyumbani na begi moja na simu yenye kioo kilichopasuka. Ndani ya hiyo simu kulikuwa na albamu moja niliyotumiwa na jamaa tuliyekuwa tukiishi naye hosteli. Aliniambia niisikize hadi mwisho.

Mara ya kwanza sikufika hata wimbo wa tatu. Niliona ni kama mabati yanaburutwa kwa lami huku mtu akigombana na simba. Wiki kadhaa baadaye, nikiwa kwa matatu, jam ya Outering imetushika na bando imeisha, nikairudia kwa kukosa lingine la kufanya. Siku hiyo masikio yalifunguka. Chini ya zile kelele kulikuwa na gitaa linaloimba, tena linaimba kwa huzuni, na ngoma zinazobadilisha mwendo kila wakati kama dereva anayejua njia zote za mkato.

Albamu ilikuwa Symbolic ya mwaka wa 1995. Bendi inaitwa Death, yaani Kifo. Mwenye bendi alikuwa Chuck Schuldiner, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 2001 akiwa na miaka 34. Nikaanza kumsoma. Kitu cha kwanza kilichonifurahisha, na sitadanganya, ni kwamba naye aliacha shule. Nikajiambia, si unaona? Karatasi si lazima. Ngoja tu, tutarudi hapo.

Gitaa la kufuta machozi

Chuck alizaliwa Mei 13, 1967 huko Long Island, jimbo la New York. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watatu. Akiwa bado mchanga familia ilihamia Florida, kusini kabisa mwa Marekani, kule kwa jua na joto. Huko ndiko alikokulia.

Alipokuwa na miaka tisa, kaka yake mkubwa alikufa katika ajali ya gari akiwa na miaka 16 tu. Mtoto wa miaka tisa hana maneno ya kusema kitu kama hicho. Wazazi wake waliona anavyoumia, wakamnunulia gitaa ili angalau apate kitu cha kushika.

Wakampeleka kwa masomo ya gitaa. Alikaa huko chini ya mwaka mmoja. Walimfundisha vile vinyimbo vya watoto na mambo ya kinyumbani-nyumbani, naye akaona hapa ananyongwa. Alikuwa karibu kuacha kabisa. Halafu siku moja wazazi wakaona gitaa la umeme likiuzwa pamoja na vitu vingine vya mtumba nje ya nyumba ya watu, wakamnunulia. Hapo mambo yakabadilika. Alijifungia chumbani, akajifungia gareji, akajifundisha mwenyewe. Siku za shule wazazi walilazimika kumwekea masaa, yasizidi matatu, la sivyo angecheza hadi asubuhi.

Alikuwa anasikiza Kiss, Iron Maiden, halafu akaingia kwa vitu vizito zaidi kama Venom, Mercyful Fate na Slayer. Darasani hakuwa mjinga, alikuwa akifanya vizuri. Ni vile tu shule ilianza kumchosha. Akaiacha.

Mwaka wa 1983, akiwa na miaka 16, aliunda bendi na vijana wengine wawili wa Florida, Kam Lee na Rick Rozz. Waliiita Mantas. Mwaka uliofuata wakabadilisha jina ikawa Death. Yaani mtoto aliyezika kaka yake akiwa na miaka tisa alikua akaichukua ile ile maneno iliyomvunja, akaiandika kwa herufi kubwa kwenye fulana. Piga hesabu mwenyewe.

Kanda za posta

Hebu jaribu kuwaza maisha ya msanii mchanga wa miaka hiyo. Hakuna YouTube, hakuna TikTok, hakuna kutuma wimbo kwa WhatsApp. Redio haiwezi kukugusa kwa sababu unapiga kelele. Kilichokuwepo ni kanda. Unarekodi nyimbo zako kwa vifaa vya bei rahisi, unanakili kanda moja moja, unaziweka kwa bahasha, unatuma kwa posta. Aliyepokea ananakili tena, anatumia wenzake hadi nchi nyingine. Kama wewe ni wa kitambo kidogo, kumbuka vile nyimbo zilikuwa zinahama simu hadi simu kwa Bluetooth. Ni mchezo ule ule, ila huu ulikuwa wa stempu.

Kanda za Death zilizunguka hivyo, na jina la Chuck likajulikana nchi ambazo hajawahi kukanyaga. Nyumbani ndiko kulikuwa kugumu. Kuna wakati alihamia eneo la San Francisco kutafuta wanamuziki wanaoelewa anachotaka, mambo yakakataa, akarudi Florida. Mwanzoni mwa 1986 akaenda Toronto, Kanada, kujiunga na bendi moja inaitwa Slaughter. Alidumu wiki mbili hivi, akarudi nyumbani tena. Majirani wakikuona umerudi na begi mara mbili kwa mwaka mmoja wanaanza kukuangalia vibaya. Hiyo naijua.

Alirudi San Francisco mara nyingine na safari hii akampata mpiga ngoma mchanga, Chris Reifert. Wawili hao walirekodi kanda ya Mutilation mwaka wa 1986, na kanda hiyo ndiyo iliyowapatia mkataba na kampuni ya Combat. Albamu ya kwanza, Scream Bloody Gore, ikatoka 1987. Chuck alipiga gitaa zote, akapiga besi, akaimba. Wakati wa kuirekodi alikuwa na miaka 19.

Sasa, kuna ubishi usioisha kuhusu nani alianzisha huu muziki ambao wenyewe wanauita metali ya kifo. Bendi ya Possessed kutoka California ilikuwa imetoa albamu yake 1985, kwa hivyo waliotangulia wapo. Chuck mwenyewe hakupenda kuitwa baba wa muziki huo. Lakini Scream Bloody Gore ndiyo iliyofanya wengi waone kwamba hii sasa ni aina yake, imejitenga. Gitaa limeshushwa sauti hadi linanguruma, ngoma zinakimbia, na mwimbaji haimbi, anaunguruma kutoka tumboni. Mashairi yake ni ya mazombi na damu, mengi yameokotwa kwa filamu za kutisha. Ni vile unavyotarajia kutoka kwa kijana wa miaka 19 anayependa sinema za kuogofya.

Wengi wangebaki hapo. Umepata fomula, mashabiki wanaipenda, unafanya ile ile kwa miaka 20. Tunawajua wasanii wa hivyo hata hapa kwetu. Huyu jamaa hakuweza.

Kutoka kwa mazombi hadi kwa wahubiri

Sikiza albamu zake kwa mpangilio, ndipo utaelewa. Mwaka wa 1988 ilitoka Leprosy, yaani ukoma. Ilirekodiwa katika studio ya Morrisound mjini Tampa, Florida. Baadaye studio hiyo ikawa kama Makka ya metali ya kifo, kila bendi ya aina hiyo ilitaka kurekodi hapo: Obituary, Morbid Angel, Deicide na wengine. Kwa Leprosy, sauti ya Death ilikuwa imenyooka. Pia mashairi yalianza kutoka kwa mazombi. Wimbo unaobeba jina la albamu unahusu mtu anayetengwa kwa sababu ya ugonjwa. Mwingine unahusu mgonjwa aliyewekwa kwa mashine hospitalini anayetaka aachwe aende. Hiyo si filamu tena. Hiyo ni wodi.

Mwaka wa 1990 ikaja Spiritual Healing. Kwa jalada kuna mhubiri anayemwekea mgonjwa mikono huku umati ukitazama. Chuck alikuwa anawaimba waponyaji feki wa televisheni wanaokula pesa za waliokata tamaa, na mambo mengine ya jamii kama dawa za kulevya. Ukiwa umekulia mtaa wenye mabango ya mikutano ya miujiza kila kona, hutahitaji mtu akueleze hiyo albamu. Mpiga gitaa James Murphy alikuwa ameingia na solo zake laini, na muziki ukaanza kupumua.

Hapo ndipo tatizo lake lingine lilipojitokeza. Chuck hakuwa mtu rahisi kufanya naye kazi. Alijua anachotaka na hakuwa na subira na asiyefika hapo. Albamu saba za Death hazina hata mbili zilizopigwa na watu wale wale. Marafiki waliingia na kutoka, wengine kwa uchungu. Mwaka wa 1990 bendi ilikuwa inaenda kuzunguka Ulaya, na dakika za mwisho Chuck akakataa kusafiri, akisema mipango haikuwa sawa. Wenzake, Terry Butler na Bill Andrews, wakaona hapana, wakaenda bila yeye na kuwaweka watu waliokuwa wakibeba vyombo vyao wajaze pengo. Fikiria uko nyumbani Florida na bendi uliyoiunda na miaka 16 iko jukwaani Ulaya bila wewe.

Mashabiki wengi walimkasirikia yeye. Magazeti ya muziki yakamwita msumbufu. Angeweza kuomba msamaha na kurudisha watu, au kuacha kabisa. Alichofanya ni kuwaondoa hao wawili na kuamua kwamba kuanzia sasa Death ni yeye pamoja na yeyote anayeweza kupiga kile anachosikia kichwani.

Wanafunzi wapya, mwalimu mpya

Aliwaita vijana wawili wa Miami kutoka bendi inaitwa Cynic, Paul Masvidal wa gitaa na Sean Reinert wa ngoma. Walikuwa na miaka kama 20 tu, na walikuwa wamezama kwa jazi. Akamwongeza Steve DiGiorgio, anayepiga besi isiyo na vile vyuma vidogo vya kugawa shingo, kwa hivyo noti zinateleza kama sauti ya mtu. Albamu ikaitwa Human, 1991.

Kama unataka kusikiza moja tu kuelewa kwa nini watu wanamheshimu huyu jamaa, anza na hiyo. Ukali haujapungua hata kidogo, lakini ngoma zinafanya mambo ambayo hayakuwa yamesikika kwa muziki huu. Kuna wimbo mmoja hauna maneno kabisa, unaelea tu kama uko angani. Na mashairi yamegeuka, yanaangalia ndani: usaliti, kutoeleweka, watu wanaokuhukumu bila kukujua. Kila mtu alijua anawazungumzia kina nani. Video ya wimbo mmoja ikaonyeshwa hata MTV.

Mimi hapo ndipo ninapompendea. Jamaa alikuwa mwasisi, hakuwa na deni la kuthibitisha lolote. Lakini aliwaajiri vijana waliojua vitu ambavyo yeye hakuvijua, akakaa nao, akajifunza. Aliyekimbia darasa alijenga darasa lake, na ndani yake hakuogopa kuwa mwanafunzi.

Mwaka wa 1993 ikafuata Individual Thought Patterns. Sean na Paul walikuwa wamerudi kwa bendi yao, nafasi ya ngoma ikachukuliwa na Gene Hoglan, jitu la mtu lenye usahihi wa saa, na Andy LaRocque kutoka Uswidi akaja kupiga gitaa. Halafu 1995 ikaja ile yangu, Symbolic, ambamo nyimbo zina nafasi, zina utulivu kabla ya dhoruba, na Chuck anaimba kuhusu kumbukumbu za utotoni na vile mtu hupoteza usafi wa moyo akikua. Ukali wote ule umebeba kitu laini ndani. Yule mtoto wa miaka tisa bado yuko.

Hata nembo ya bendi ilikuwa ikibadilika. Chuck aliichora mwenyewe, na mwanzoni ilikuwa na mapambo ya kutisha na msalaba uliopinduliwa mahali pa herufi ya T. Kadiri miaka ilivyosonga aliisafisha, na ule msalaba akautoa ukawa herufi ya kawaida, kwa sababu hakutaka muziki wake uhusishwe na mambo ya dini wala shetani. Kama mzazi wako anadhani ukisikiza metali umeuza roho, mwonyeshe hapo. Jamaa alikuwa anapenda wanyama, anapenda kupika, anapenda bustani. Dawa kali za kulevya hakuzitaka.

Mwaka wa 1998 ilitoka albamu ya saba na ya mwisho ya Death, The Sound of Perseverance, ikiwa na kikosi kipya tena: Richard Christy, Shannon Hamm na Scott Clendenin. Hapa sauti ya Chuck imepanda juu, inakaribia kilio. Nyimbo ni ndefu, zinapinda kushoto na kulia. Katikati kuna kipande cha gitaa tupu, bila ngoma, bila maneno. Msikizishe mtu ambaye hajawahi kusikia metali, usimwambie ni bendi gani, umwangalie uso.

Weka Scream Bloody Gore na hii moja baada ya nyingine. Kati yake ni miaka 11. Utadhani ni watu wawili tofauti, na kila hatua katikati iko hapo, imerekodiwa, unaweza kuifuata kwa kidole.

Siku ya kuzaliwa

Wakati huo alikuwa tayari ana mradi mwingine, Control Denied. Alikuwa amechoka kuunguruma na alitaka mwimbaji anayeimba kwa sauti safi. Akampata Tim Aymar. Albamu yao, The Fragile Art of Existence, ilitoka 1999. Jina lake ni kama sanaa ya kuishi, ile inayovunjika kirahisi.

Mwaka huo huo alianza kuumwa shingo na mkono. Alidhani ni mshipa umebanwa, akatafuta wa kumkanda, akajaribu hata tiba ya sindano. Haikuisha. Akapigwa picha ya MRI. Mei 13, 1999, siku aliyofikisha miaka 32, aliambiwa ana uvimbe wa saratani kwenye shina la ubongo.

Alianza tiba ya mionzi, na Oktoba familia ikatangaza kwamba uvimbe umekufa. Januari 2000 akafanyiwa upasuaji kutoa mabaki. Upasuaji ulienda vizuri, lakini pesa ziliisha. Ndiyo, hata huko Marekani. Mtu aliyezaa aina nzima ya muziki, ambaye fulana za bendi yake zinavaliwa dunia nzima, familia yake ilikuwa inahangaika na bili ya hospitali. Sisi hapa tunajua vile kundi la WhatsApp hufunguliwa na paybill kutumwa. Huko nako ilikuwa hivyo kwa namna yao: bendi zikafanya matamasha ya kuchanga, wasanii wakatoa vitu vipigwe mnada, mashabiki wakatuma walichokuwa nacho.

Alirudi kazini mara tu alipopata nguvu, akaanza albamu ya pili ya Control Denied. Mei 2001 saratani ikarudi. Alipewa dawa kali zilizomdhoofisha, kisha akapata nimonia. Desemba 13, 2001, Chuck Schuldiner alifariki. Ile albamu haikuisha.

Nilisema tutarudi

Kuhusu ile mambo ya shule. Nilisoma juu yake kwa miezi nikimtumia kama kinga. Nikiulizwa na shangazi kwa sherehe kwamba masomo yamefika wapi, kichwani namjibu kwa Chuck. Halafu nikafika mahali palipoandikwa kwamba baadaye alijuta kuacha shule. Alisema hivyo waziwazi. Nilikaa na hiyo simu mkononi nikiwa sina la kusema.

Sasa naona nilikuwa nasoma maisha yake kinyume. Nilidhani kuacha ndiko kulikomfanya. Ukweli ni kwamba aliacha jengo, lakini kila baada ya miaka miwili hivi alikuwa anajipa mtihani mgumu kuliko wa mwanzo, na kila mara alikubali kuachana na kile alichokuwa amefaulu nacho. Watu walimkasirikia kila alipobadilika. Wengine walitaka mazombi yao. Yeye alisonga.

Nairobi sasa ina metali yake pia. Duma, wale wasee wawili, Martin Kanja na Sam Karugu, walitoa albamu 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na haifanani na kitu chochote cha Florida. Hivyo ndivyo inafaa iwe.

Mimi nilijaza fomu ya kozi ya jioni wiki iliyopita. Kozi yenyewe si kubwa. Nikienda kuipeleka nilikuwa na Human masikioni, ule wimbo usio na maneno, na jam ilikuwa ile ile ya Outering. Sikuona kama ni ndefu.